Makumbusho ya Reli Nairobi: uzoefu wangu nikiwa na mstaafu wa reli kutoka Dodoma

Nianze na nyota, maana najua wengi husoma hadi hapo tu. Natoa nne kati ya tano. Ya tano imebaki mfukoni kwa sababu ya ubishi kati yangu na mjomba, ubishi tuliorudi nao hadi Dodoma na ambao haujaisha: kichwa cha treni ya mvuke kikishaingia makumbusho, kiwashwe au kiachwe?

Mjomba ni Mnyaturu wa Singida, mstaafu wa reli, anaishi Kizota. Alianza kazi kama fayamani, yaani mtunza moto wa injini, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akamalizia kwenye dizeli. Tangu treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma izinduliwe rasmi tarehe 1 Agosti 2024, kila mgeni anayetutembelea humsimulia alivyofika kwa chini ya saa nne. Yeye husikiliza kwa adabu, halafu huuliza lile lile: "Na vile vichwa vyetu wameviweka wapi?" Mimi kazi yangu ni kutunza nyaraka ofisini, nikaona swali la namna hiyo lijibiwe kwa macho. Tukapanda basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati, tukalala, kesho yake tukavuka Namanga.

Kwa nini Nairobi, si Tabora wala Morogoro? Makumbusho yale yalianzishwa 1971, wakati reli za nchi zetu tatu zikiendeshwa na shirika moja lenye makao makuu Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ilibaki na kilichokuwa mikononi mwake. Kwa hiyo Mtanzania akiingia pale asijione mgeni. Vile vichwa vikubwa vya mvuke aina ya Garratt, vya daraja la 59, vilivyojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kampuni ya Beyer, Peacock, vilikuwa 34 na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Vimebaki viwili tu, vyote Nairobi, na vyote vina majina ya milima yetu: Mount Gelai, ule wa karibu na Ziwa Natron, na Mount Shengena wa Upareni. Kila kimoja kina uzito wa tani 250 na ushei, na hakuna kichwa cha mvuke cha reli yenye upana wa mita moja kilichowahi kuvizidi kwa ukubwa. Ukisimama kando ya Gelai unatembea, unatembea, na bado hujafika mwisho wake.

Kisha kuna namba 3020. Ni kidogo kuliko hivyo, kimejengwa Glasgow, nacho kinaitwa Nyaturu.

Mjomba alipoona jina hilo alitoa kitambulisho chake cha taifa, akamwonyesha mlinzi jina la ukoo, akadai arudishiwe kiingilio kwa kuwa mtu halipi kuingia kwake. Mlinzi alicheka sana. Hela haikurudi. (Baba yangu, ambaye ni Mgogo, aliposikia habari hiyo alisema shemeji yake angeomba na malimbikizo ya kodi ya pango tangu 1971.)

Nyaturu ndiyo iliyoanzisha ubishi wenyewe, kwa sababu ni miongoni mwa vichwa ambavyo vimewahi kurudishiwa moto baada ya kustaafu na kuvuta mabehewa ya watalii. Makumbusho yameungana na reli, kwa hiyo jambo hilo lawezekana: unafungua njia, kichwa kinatoka. Kwa Mjomba, hapo ndipo penye maana yote. Kichwa kisichowashwa, anasema, kinakufa kuanzia ndani. Unyevu unabaki kwenye boila na kula bati mahali ambapo rangi haifiki, grisi inakauka, fito zinashikana na mapini yake. Nje kinang'aa, wageni wanapiga picha, lakini ndani ni kutu tupu. Na baya zaidi, mikono inapotea. Kupandisha stimu hakufundishwi darasani. Boila baridi huwashwa polepole, kwa saa nyingi, ili bati zote zitanuke pamoja. Ukiharakisha, boliti zinazoshikilia kuta za tanuru zinapasuka moja baada ya nyingine. Maji lazima yafunike paa la tanuru wakati wote. Yakishuka, bati linalainika kwa moto na boila inaweza kulipuka, ndiyo maana huwekwa plagi yenye madini ya risasi yanayoyeyuka mapema kuwaonya waliomo. Alinieleza haya yote ameshika vali isiyozunguka, na nakiri alikuwa anasisimua kuliko kibao chochote cha maelezo.

Upande wangu ni huu. Kuwasha kunakula kile unachotaka kukitunza. Mabomba ya boila yanachakaa yanabadilishwa, bati la tanuru linakatwa linawekwa jipya, na baada ya matengenezo kadhaa unabaki na umbo la zamani lililojaa chuma cha juzi. Ni sawa na faili la asili ninaloliazimisha kila siku: likizungushwa vya kutosha, kinachorudi kabatini ni jalada. Halafu kuna gharama. Uingereza walipoifufua Flying Scotsman, injini yao mashuhuri ya mvuke, walitumia zaidi ya pauni milioni 4 hadi ikarudi relini 2016, na wenzetu wale wana karakana na mafundi wa kujitolea kila kona. Hao hao, kwa injini ya Rocket ya mwaka 1829, walichagua njia nyingine: ya asili imekaa makumbusho bila kuguswa, na iliyotengenezwa kwa kuiga mwaka 1979 ndiyo inayotoa moshi. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda.

Mjomba akanijibu kwa kutumia Liemba. Meli ile Wajerumani waliijenga 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, ikaanza kazi kwa jina jipya 1927, na ikaendelea kubeba watu Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Ingewekwa nchi kavu kama sanamu, alisema, nani angeijali? Nikamkumbusha kwamba injini zake za mvuke ziling'olewa miaka ya 1970 zikawekwa dizeli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nimekuwa mbishi kama baba yangu.

Wakati sisi tunabishana, wageni walikuwa wanafanya lao, na ni kwa kuwaangalia hao nilipopata jambo la kusema. Kulikuwa na watoto wa shule. Swali lao la kwanza kwa kila kichwa lilikuwa kama kinawaka, na walipoambiwa hapana walipanda kibanda cha dereva, wakavuta kila kilichovutika, wakapiga picha, wakashuka. Dakika chache tu. Waliposimama kwa muda mrefu ni kwenye behewa namba 12, lile ambalo mwaka 1900 pale stesheni ya Kima simba aliingia usiku na kumtoa dirishani ofisa wa polisi Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumvizia simba huyo huyo. Behewa la mbao. Halihitaji boila, cheti wala lita moja ya mafuta mazito. Linahitaji paa zuri na mtu anayejua kusimulia.

Mahali pa pili walipojazana ni kwenye kibanda alimokuwa Mjomba. Mzee aliyevaa kofia ya balaghashia anaonyesha kwa mikono jinsi moto ulivyotazamwa, jinsi moshi mweusi ulivyokuwa unamfanya dereva amgombeze fayamani kwa kupoteza mafuta, jinsi walivyovizia maji kwenye njia ya Reli ya Kati. Mwalimu wao akachukua daftari, akaanza kuandika.

Hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipo. Makumbusho ya reli, yale ya Nairobi au popote, yakiwa na bajeti ya jambo moja tu kabla ya kuwasha chochote, yawalipe wastaafu wakae vibandani. Wanaondoka mmoja mmoja, na utaalamu wa stimu unaondoka nao. Baada ya hapo, kichwa kimoja kiwashwe siku chache kwa mwaka, kiwe hicho hicho Nyaturu, ili vijana wajifunze kwa moto wa kweli. Gelai na Shengena viachwe baridi, vijengewe paa, visihangaishwe. Chuma kilichosimama juani na mvuani miaka nenda rudi hakitetewi na rangi peke yake.

Na sisi Dodoma? Reli ilifika hapa 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, na stesheni ya zamani ya mjini bado ipo na njia yake ya mita moja. Wageni wengi sasa wanashukia kwenye treni ya umeme na hawajui kama kuna nyingine. Ningefurahi kuona behewa moja la zamani chini ya paa pale, picha ukutani, na mstaafu kwenye kiti. Mjomba anataka moto, tena tarehe 9 Desemba, na bendera mbele ya boila. Nikamwambia boila yoyote itakaguliwa na OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, njia na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na maji yetu ya Dodoma yenye chumvi yataacha ukoko kwenye mabomba kabla hata hotuba hazijaisha. Kuhusu maji alikubali. Ukoko, alisema, unazuia joto lisifike kwenye maji, bati linaungua, na mafundi walilazimika kuosha boila mara kwa mara kuuondoa. Sehemu nyingine alizikataa zote.

Kwa wanaopanga kwenda: makumbusho yako nyuma ya stesheni ya zamani ya Nairobi, katikati ya mji. Kutoka kwetu beba hati ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano. Vaa viatu vya kufunika na nguo usiyoionea huruma, maana grisi ya zamani haitoki. Watoto wasichokonoe vifuniko vya maboila ya zamani, popote watakapoyakuta, kwa sababu injini za miaka ile zilifungwa asbesto ndani, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Ukumbi wa ndani unautosheleza kwa saa moja. Uwanjani tenga muda zaidi. Ukienda na mstaafu wa reli, tenga siku nzima. Wakati wa kufunga ulipofika, Mjomba alikuwa bado anaeleza injekta, kifaa cha kuingiza maji kwenye boila, na mwalimu wa wale watoto alikuwa amegeuza ukurasa mwingine.