Chubwi la wavu: risasi au jiwe la volkeno?

Kwa mvuvi wa Goma anayetega wavu Ziwa Kivu, jiwe la volkeno la kufanya chubwi (uzito wa kuzamisha wavu) halinunuliwi, linaokotwa tu ufukoni. Lakini lina matundu kama mkate, huwa jepesi likizama, na makali yake hula kamba, hivyo kufunga mafundo upya hakuishi. Risasi (metali, si ya bunduki) ina uzito zaidi ya mara 11 ya maji, hubanwa kwa koleo moja kwa moja kwenye kamba, na huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Hata hivyo vumbi na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto, na kuyeyusha betri kuukuu uani ili kupata risasi sikubali kabisa. Anayetega kando ya ufuko atatosheka na mawe. Wa kina kirefu, mwenye fedha za vipande vilivyo tayari, achukue risasi.