Faili la config la OpenSSH: app ya kununua ya nini?
Kama bado unaandika ssh -p 2222 -i ~/.ssh/id_ed25519 admin@203.0.113.10 kila ukitaka kuingia kwenye seva, aisee unajitesa bure. Watu wanakimbilia programu za kulipia zenye vitufe vya rangi rangi kumbe OpenSSH, programu ya bure ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa amri, ilishamaliza kazi kitambo, ni faili moja tu la maandishi linakaa ~/.ssh/config, kama halipo unalitengeneza mwenyewe. Ndani unaweka hivi:

Host kazi
    HostName 203.0.113.10
    User admin
    Port 2222
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519

Basi, kuanzia hapo ni ssh kazi tu, umeingia. Na sio ssh peke yake, scp, sftp, rsync (za kuhamisha mafaili) mpaka git (ya kutunza matoleo ya kodi) zinasoma faili hilo hilo, so ukipiga scp ripoti.txt kazi: inafika bila kukuuliza aipi wala poti.

Kilichonikosha zaidi ni ProxyJump, ilikuja na toleo la 7.3 mwaka 2016. Una seva ya ndani haifikiki moja kwa moja mpaka upitie nyingine ya mlangoni, unaongeza mstari ProxyJump mlango (mlango ndo jina la hiyo seva ya mlangoni kwenye faili lako) na yameisha, ufunguo wako wa siri (ile id_ed25519) unabaki kwenye kompyuta yako, seva ya kati hata haiuoni. ControlMaster nayo si haba, terminali ya pili inadandia muunganisho wa ile ya kwanza inafunguka chap, ila mtandao ukiyumba inaweza kuganda, hapo piga ssh -O exit kazi uanze upya.

Sasa kasoro, na hii inakera kweli. Faili linasomwa juu kwenda chini na kilichokutwa kwanza ndo kinashika, kwa hiyo ukiweka Host * (yaani mipangilio ya seva zote) pale juu na User ndani yake, huko chini badilisha yuza mpaka uchoke, haisikii, na wala haikwambii kitu. Host * ikae mwisho. Ukiona mauzauza piga ssh -G kazi, inakumwagia mipangilio yote jinsi ilivyoielewa. Ruhusa nazo ikikuta wengine wanaweza kuliandika hilo faili inagoma, piga chmod 600 ~/.ssh/config ubaki na ruhusa wewe tu, malizana nayo.

Nyota nne. Wa Windows 10 na 11 mnayo pia bila kuinstoo PuTTY (programu ya ssh inayotumika sana Windows), ila ControlMaster kwenu haifanyi kazi na ssh-copy-id hamna, ufunguo wa umma mtaupeleka kwa mkono.