Lee-Enfield Na. 4: bunduki ya vita mikononi mwa mkusanyaji

Kwa mkusanyaji anayetaka silaha ya zamani ambayo bado inaweza kupelekwa uwanja wa shabaha, Lee-Enfield Na. 4, iliyoanza kuundwa kwa wingi mwaka 1941, ni chaguo ninalolipendekeza, ingawa si bila masharti. Komeo lake, yaani kipande cha chuma kinachosukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kufunga mtutu, ni laini ajabu: springi ya pini inayogonga risasi hubanwa wakati wa kulisukuma mbele, si wakati wa kuliinua, kwa hiyo mkono hauchoki upesi. Tundu la kulengea lililo karibu na jicho ni bora kuliko ufa wa kulengea wa mifano iliyotangulia.

Magazini huchukua risasi 10 za inchi 0.303, lakini kwa kuwa ganda lina ukingo uliojitokeza, kila risasi sharti ilazwe ukingo wake ukiwa mbele ya ule wa risasi iliyo chini yake. Nilipopuuza jambo hilo, risasi ya tatu ilikwama, nami nikalazimika kuishusha bunduki na kuanza upya.

Niliyeinunua kwake alinihakikishia kwamba sehemu zote ni za asili, ila namba iliyochongwa kwenye mpini wa komeo haikulingana na ile ya mwilini. Nilimpelekea fundi aipime kabla ya kufyatua hata risasi moja. Tena, fataki za risasi za enzi ya vita, yaani vidonge vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, huacha chumvi inayokula chuma. Mtutu uoshwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo, ukaushwe, kisha upakwe mafuta.