Hita ya oil ya mbavu tisa: nimeitumia kwenye baridi ya Njombe, nawapa ukweli wake

Mi mtu wa Tanga. Kwetu kipupwe maana yake unaongeza shuka moja usiku na asubuhi majirani wanaambiana leo kuna kibaridi, basi imeisha hiyo. Sasa mwezi wa nne mume kapata uhamisho wa Njombe tukabeba vitu na kachanga ketu ka miezi miwili tukapanda, na kila mtu aliyesikia alituambia nunueni masweta, tukanunua masweta, tukajiona tumejipanga kumbe wapi. Ukiambiwa baridi ya Njombe we unafikiria baridi ya AC ya benki. Ile ya benki unatoka nje inaisha, hii unatoka nje ndo inaanza.

Mji wenyewe uko juu karibu mita 2000 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, nguo unaanika siku tatu bado zina ubichi, mafuta ya nazi ya mtoto yameganda kwenye chupa mpaka nayachokonoa na kijiko. Na wenyeji watakwambia hapa afadhali, nenda Makete, nenda kule Kitulo uone umande unavyoganda mweupe kwenye majani. Sawa, sibishani na mtu.

Nyumba tuliyopanga ni ya tofali, chumbani kuna siling bodi ila sebuleni bati tupu unaliona lile pale juu. Kumbukeni hilo bati maana nitalirudia. Nilikuwa na kile kisaa cha ukutani kinachoonyesha na joto, usiku chumbani kilikuwa kinasoma 11. Nilipompeleka mtoto kliniki nesi akanambia dada huyu usimwache kwenye chumba cha baridi hivyo, na nilishasoma mahali kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri ndani ya nyumba kusiwe chini ya nyuzi 18. Kutoka 11 mpaka 18 ni safari hiyo.

Jirani yetu bibi mmoja mtu mzima sana, Mbena, ndo alikuwa wa kwanza kuja na suluhisho. Kaja jioni na jiko la mkaa limekolea. "Kamwene mwanangu, chukua uote na mtoto." Shikamoo bibi, marahaba, nikalipokea kwa heshima nikaliweka sebuleni. Ila bibi mwenyewe kabla hajaondoka akanambia, hili ukitaka kulala unalitoa nje, usijisahau, na mlango uache wazi kidogo. Na ni kweli, watu wengi wanadhani mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi basi uko salama, wakati ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala huioni na inaendelea kutoka hata mkaa ukiwa mwekundu hivyohivyo, ndo mnasikia kila baridi watu wamelala na jiko hawakuamka. Sasa we fikiria, uache mlango wazi ili usife, halafu baridi iingie kwenye huo mlango. Na mama mwenye kachanga kwa usingizi ule niliokuwa nao mi, kujisahau ni dakika mbili tu. Nikamwambia mume tununue hita ya umeme.

Hapo ndo nikaliwa hela yangu ya kwanza. Duka moja hapa mjini, silitaji, nikanunua hita ndogo ya feni kwa elfu 45. Muuzaji kaisifia, inakula umeme kidogo sana dada, kama taa tu. Jamani. Imeandikwa nyuma kwa herufi za kusomea na tochi, wati 2000. Wati 2000 ni uniti mbili kila saa moja, hakuna cha kama taa. Usiku wa kwanza niliiwasha saa tatu nikaizima saa tisa nilipoamka kunyonyesha, saa sita hizo, uniti 12 zimekwenda. Kwa sisi tulio kwenye tarifu ya shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT na yale makato mengine uniti moja inakuja kama shilingi 356, kwahiyo usiku mmoja nimechoma elfu nne na mia mbili na ushee. Elfu kumi ya LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, ni uniti 28 na pointi, piga hesabu ni usiku mingapi.

Na joto lenyewe lilikuwa la ajabu, linakupiga miguuni tu, mgongo unaganda, ukizima dakika tano chumba kimerudi vilevile kama hujawahi kuwasha kitu, halafu inavuma kama basi linapanda mlima na mtoto akaanza kuziba pua kila asubuhi. Wiki ya tatu ikatoa harufu ya plastiki ikanyamaza. Nimeirudisha dukani naambiwa waranti ipo ila haihusu mota. Kwenye hita ya feni, ukitoa mota kinabaki nini sasa? Boksi. Bas nikarudi na boksi langu.

Sasa hii ninayoitolea maoni nilinunua Kariakoo. Julai mume alikuwa na semina Dar wiki ya Sabasaba nikaenda naye, na jua lile la Dar nimevaa dera natokwa na jasho naingia duka hadi duka nauliza hita. Kijana mmoja akacheka kwa sauti akamwita mwenzie, "Oya njoo umsikie mama, anataka hita!" Ila alikuwa nayo, nyuma kabisa chini ya mafeni, ina vumbi la mwaka mzima. Hita ya oil, ile yenye mbavu kama radieta ya gari, mbavu tisa, wati 2000, ina swichi mbili na kitasa cha kuzungusha. Tulipatana kwa laki na themanini. Uzuri wa kununua hita Dar ni kwamba hauna mshindani.

Ina uzito lakini, karibu kilo kumi, konda alinitoza mzigo na akailaza kwenye buti ya basi kutwa nzima mpaka Njombe. Kitu ambacho kijana wa duka alinisisitizia na namshukuru, ikisafiri imelala usiiwashe ukifika, isimamishe kwanza masaa kadhaa oil irudi chini. Niliiacha mpaka kesho yake jioni. Vimatairi unavifunga mwenyewe, unaigeuza kichwa chini, dakika kumi tu hata bisibisi sikutumia.

Swali ambalo kila mgeni anauliza, hiyo oil unaongezea wapi na unanunua sheli gani? Hauongezi jamani. Oil imefungiwa mle ndani kiwandani, haiungui wala haipungui, kazi yake ni kupokea joto la koili na kulishikilia. Ukiona imevuja chini hapo ujue hita imekufa.

Plagi ndo ilitaka kunitoa roho. Imekuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, kijana akanipa adapta bure ya kuingia kwenye soketi zetu za miguu mitatu. Nikachomeka adapta kwenye ekstensheni, ekstensheni ukutani, raha mustarehe. Siku ya tatu naenda kuzima nagusa adapta nikarusha mkono, ya moto vibaya, ile plastiki nyeupe imegeuka rangi ya chai ya maziwa na tundu moja limelegea kama pipi iliyomung'unywa. Kumbe wati 2000 kwa umeme wetu ni karibu ampia 9 na vile viadapta vya bure vingi havibebi mzigo huo masaa yote. Fundi umeme alikuja akakata ile plagi akafunga ya miguu mitatu ya ampia 13 yenye fyuzi, akanionyesha kwamba waya wa hita una nyaya tatu ndani ikiwemo ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme ukivuja, na kwa ile adapta ethi ilikuwa haifanyi kazi kabisa, hita yenyewe mwili mzima ni chuma. Ekstensheni akasema shemeji hii kachajie simu. Sasa inakwenda ukutani moja kwa moja. Elfu 15 na plagi yake, fanyeni hii siku ya kwanza kabla hamjawasha, sio ya tatu kama mimi.

Haya, joto. Haina haraka. Ukiiwasha ukakaa mbele yake unasubiri kama unaota moto, utakasirika, nusu saa ya kwanza inagongagonga tu ti ti ti, chuma kinatanuka, halafu taratibu chumba kinalainika. Chumba chetu ni kama mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, kutoka 11 inafika 18 kwenye saa moja na nusu hivi, na joto ni la chumba kizima, hadi shuka zenyewe zinakuwa vuguvugu. Haivumi. Haiwaki mwanga. Feni hakuna kwahiyo vumbi halipeperushwi, na pua ya mtoto ikatulia. Kile kitasa ni themostati, unangoja chumba kifike pale unapotaka unarudisha kitasa pole pole mpaka usikie "tak", hapo unaacha. Ikipoa inajiwasha, ikifika inajizima, na hata ikijizima zile mbavu bado zina joto la kuotea mikono.

Umeme je. Hapa nisidanganye mtu kama nilivyodanganywa. Uniti moja inatoa joto lilelile kwenye hita ya feni, ya nondo nyekundu au ya oil, hakuna hita ya miujiza. Tofauti ni kwamba hii inajizima yenyewe, ile nyingine ilikuwa inavuma tu usiku kucha. Nilisoma mita usiku mmoja, nalala ilikuwa 41.6, asubuhi 36.9 na hakuna kingine kilichokuwa kinawaka zaidi ya taa ya korido. Uniti 4.7, kama shilingi 1,700. Kwa mwezi inakaribia elfu 50, ni hela, na miezi ya hivyo ni mitatu. Wale mlioko kwenye ile tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi mjue siku 16 tu hita peke yake imemaliza zote, na ukivuka unaweza kuhamishiwa huku kwetu kwenye 292, kwahiyo piga hesabu kabla ya kununua sio baada.

Sebuleni ikashindwa. Nilitaka wageni wakija waone maendeleo, nikaisukuma sebuleni nikaiweka mwisho masaa matatu, kisaa kimepanda nyuzi mbili tu. Joto lote linapanda juu linakutana na bati linakwenda zake kuwapasha popo. Mwenye nyumba nilimwambia, mama tunaomba siling sebuleni hata ya bei rahisi, akasema mtazoea wanangu. Tumezoea kukaa chumbani. Kwahiyo kama nyumba yako haina siling, hela ya hita ipeleke kwenye siling kwanza, na mapazia mazito, na kile kitambaa cha kuviringisha chini ya mlango, mi nimetumia suruali mbovu ya jinzi nimeijaza vitambaa.

Malalamiko mengine ni madogo. Ukiisogeza usiku gizani inapiga kidole cha mguu. Mbavu za juu zinakuwa za moto kweli, mtoto akianza kutambaa sijui nitaizungushia nini. Nguo usiitandikie juu, imeandikwa na ina alama yake, mi naweka kiti hatua moja pembeni naanika nepi pale na asubuhi zimekauka, kwa Njombe hiyo peke yake ningeilipia. Umeme ukikatika ndo basi, inabaki na uvuguvugu kama nusu saa hivi halafu mnarudi kwenye mablanketi.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya adapta.

Wiki iliyopita bibi alikuja kutusalimia, nikamkaribisha chumbani akae karibu na hita maana nje kulikuwa na ukungu. Kaiangalia sana, kaishika kwa kiganja, kazunguka nyuma yake. Akasema ina joto zuri, ni kweli, na halina moshi. Halafu akatoa mahindi mawili mabichi kwenye kitenge chake akaniuliza, "Sasa haya mwanangu kwenye hiki chuma chako tunachomea wapi?" Ikabidi niende kwake nikachukue jiko.