Tumekodi pikapu ya fobaifo (ile inayoweza kuvutwa na tairi zote nne) na mwalimu wake mpaka hifadhi ya Shimba Hills, nawapa nyota nne

Mkitaka kuikodi hii pikapu ichukueni pamoja na mwalimu, msiichukue peke yake hata kama nyumbani kuna mtu ana miaka ishirini kwenye usukani. Gari yenyewe ni nzuri, Hilux dabo kebini ya dizeli, gia za mkono, tairi bado zina meno ya kutosha, lakini gari kama hio Mombasa utaipata tu ukitafuta. Kilichotufaa sisi ni yule kijana wanayekupa pamoja na gari, manake alitufundisha siku nzima bila kuchoka, watoto nao wakimuuliza anajibu, na mpaka jioni mie na baba watoto sote tulikuwa tushaendesha mahali ambapo asubuhi tungeona kuku tu ndo wanaweza kupita.

Sisi ni watu wa Tudor, gari letu ni kisaluni kifupi cha kwenda kazini na kupeleka watoto madrasa, kikiona tuta chakwaruza tumbo. Fobaifo hatujawahi kuiendesha hata mmoja wetu. Kijana alikuja kutuchukua nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama walivyosema, na kabla hatujapakia chakula akamzungusha baba watoto gari nzima, akamwonesha kamba ya kuvutia, beleshi, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, kompresa, tairi ya akiba, jeki, na jeki akaipandisha kidogo ahakikishe yafanya kazi. Mie hapo nikatulia roho.

Tulipita Dongo Kundu, hatukutaka kukaa foleni ya feri Likoni na watoto, na barabara ile ni lami safi mpaka watokea Kibundani. Sasa mume wangu ndo aliyekuwa aendesha, akaona kile kitufe cha kuzungusha chenye 2H (tairi mbili tu zavuta), 4H (zote nne zavuta) na 4L (zote nne, polepole kwa nguvu zaidi), akataka kujaribu 4H papo hapo. Kijana akamwambia, "Ngoja baba, hapa si mahali pake." Alafu akaeleza vizuri mpaka mwanangu wa miaka 12 akaelewa: ukikata kona tairi za mbele zapita njia ndefu kuliko za nyuma, na kwenye gari hii ukiweka 4H mbele na nyuma zafungwa pamoja zizunguke sawa, kwa hivo kwenye mchanga au tope tairi yateleza kidogo mambo yaisha, lakini kwenye lami kavu haina pa kuteleza, ile nguvu yote yarudi kwenye gia na shafti, na hapo ndo watu huvunja vitu vya bei kubwa bila kujua. Miaka yote nasikia watu wasema fobaifo fobaifo, hili sijawahi kuelezwa na mtu.

Kabla ya hifadhi alitupeleka Matuga, kwenye shamba la minazi lenye mchanga mwingi ambalo wameelewana na mwenyewe. Nlimuuliza mbona tusifanyie ufuoni, akasema la, ufuoni kobe wa baharini hutaga mayai ndani ya mchanga na tairi ikipita juu yake basi. Nilipenda sana jibu lile.

Pale shambani ndo pesa yetu ilipofanya kazi. Kwanza akatoa upepo kwenye tairi, kutoka PSI 35 mpaka 20, geji akampa mwanangu mdogo ashike asome mwenyewe. Tairi ikilegea yatandaa chini kama mguu wa ngamia, uzito wasambaa na gari haizami. Alafu akatufundisha kushika usukani vidole gumba vikiwa nje, manake tairi ikigonga jiwe au kisiki usukani waweza kuruka ukakuvunja kidole. Kisha akaizamisha gari makusudi! Akasimama katikati ya mchanga laini akakanyaga mafuta mpaka tairi za nyuma zikaingia nusu, akashuka akatuambia haya, itoeni. Watoto walifurahi vibaya sana. Somo lake ni kwamba ukihisi gari yazama toa mguu kwenye mafuta saa hio hio usishindane nayo, shuka, chimba mbele na nyuma ya kila tairi, weka mbao, jaribu kurudi nyuma polepole kwa njia ile ile uliyoingilia kwa sababu mchanga wa pale ushashindiliwa. Baba watoto alichimba shati likalowa, gari ikatoka bila kuvutwa na mtu.

Zamu yangu ilikuwa kuteremka. Kuna mteremko pale, si mrefu, lakini ukikaa kwenye kiti huoni ardhi, waona boneti na mbingu. Niliogopa nasema kweli, mikono ilinitetemeka. Akaniambia, "Simamisha kabisa mama, weka nyutro, zungusha 4L, tia namba moja, sasa toa miguu yote miwili." Miguu yote! Nikatoa, na gari ikashuka yenyewe, injini ndo inayoizuia, polepole kuliko hata mtu anavyotembea. Akasema ukikanyaga breki kwa nguvu pale tairi zaweza kufunga gari ikateleza kama imewekwa mafuta. Nikarudia tena na tena, mara ya mwisho nilikuwa nacheka. Mume wangu alikuwa kiti cha nyuma na watoto, kimya, alafu akanipigia makofi.

Hapo tukala chakula kivulini, sambusa na kababu nlizopika usiku na chai ya tangawizi, tairi zikarudishwa upepo. Kompresa yaenda polepole, mjipange.

Kwenye hifadhi lipieni eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, kabla ya kutoka nyumbani, pesa taslimu hawachukui, na tulikuta watu getini wanahangaika na netiweki. Mjue pia ndani hauruhusiwi kutoka nje ya njia hata uwe na gari ya jeshi, na hushuki isipokuwa sehemu zilizowekwa, kwa hivo mambo ya kuchimba mchanga huku hakuna. Lakini zile njia zenyewe zina mashimo na mapito ya maji, na yale tuliyojifunza Matuga tuliyatumia. Tuliwaona palahala, wale swala wakubwa, dume jeusi limependeza mashaallah, pembe zimejikunja kuelekea mgongoni, na Kenya nzima huku Shimba Hills ndo kwao, hawako pengine. Tembo pia walivuka mbele yetu, kijana akasimama mbali akawaachia nafasi mpaka wa mwisho akaingia msituni, hakusogea hata kidogo ili tupate picha, na mie naona hivo ndo sawa. Maporomoko ya Sheldrick tulishuka na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kama kilomita 2 kwa miguu, maji yaanguka mita 21, yafaa kabisa ila kupanda kurudi mdogo alibebwa.

Sasa ile nyota moja. Shimba kuna mbung'o, wale nzi wanaouma, na mbung'o hufuata gari inayotembea, kwa hivo wafunga vioo. Ukifunga vioo wahitaji AC, na AC ya hii pikapu ilikuwa yatoa pumzi ya moto, watoto nyuma walipikika. Kijana alituambia tangu siku iliotangulia tusivae nguo za buluu wala nyeusi kwa sababu hao wadudu hupenda hizo rangi, jambo zuri, lakini ofisi ikijua kuna mbung'o yapaswa itengeneze AC. Viti vya nyuma navyo vimesimama wima, watu watatu wabanana. Na ile bei walonitumia kwa simu haikusema dizeli ni juu yako, tuliambiwa siku ya kuondoka. Haikuwa pesa nyingi ya kugombana, ila iandikwe, kuna mtu atapiga hesabu yake ya mwisho wa mwezi kwa ile bei akwame.

Matope hawakututoza, na amana ilirudi usiku huo huo. Mkipiga simu ulizeni AC kwanza, na muombe mpite Matuga kabla ya hifadhi, manake kuna wanaopelekwa moja kwa moja getini.