Kifaa Gani cha Kuhesabu Hatua Kinamfaa Anayetembea Juu ya Tredimili?

Kabla ya kuulizia bei, rangi au ukubwa wa kioo, anayenunua kifaa cha kuhesabu hatua kwa ajili ya tredimili, yaani mashine ya kutembea au kukimbia mahali pamoja, anapaswa kwanza kuchunguza mikono yake inafanya nini awapo juu ya mashine. Kifaa cha mkononi hakina habari na miguu. Ndani yake mna kihisi cha mchapuko kinachopima mtikisiko katika pande tatu, na programu yake hutafuta katika mtikisiko huo mpigo unaojirudia wa mkono unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Mtu anaposhika vyuma vya pembeni, jambo ambalo wazee, wanaoanza mazoezi na wanaopandisha mwinuko wa mashine hulifanya bila hata kufikiri, mpigo huo hufifia na hatua alizozitolea jasho haziandikwi. Inasikitisha kwamba hasara hii humpata zaidi yule anayezihitaji hatua hizo, mathalani aliyeshauriwa na daktari aongeze mwendo kidogo kidogo. Ndiyo maana mpangilio ufuatao haufuati umaarufu wa chapa, bali mahali kifaa kinapokaa mwilini.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha katika jarida la kitabibu la JAMA jaribio ambalo bado linamfaa kila mnunuzi. Watu wazima 14 wenye afya njema walitembea juu ya tredimili kwa kasi ya takriban kilomita 4.8 kwa saa, hatua 500 na kisha 1,500, huku mtazamaji akizihesabu. Kwa wastani, vifaa vya kiunoni vilitofautiana na hesabu ya kweli kwa asilimia 1 au pungufu. Programu za simu zilizokuwa mfukoni mwa suruali zilikosea kati ya asilimia 6.7 chini na asilimia 6.2 juu, ilhali vya mkononi vyote vilipunja, kuanzia asilimia 1.5 hadi 22.7. Aliyetembea hatua 10,000 akiwa amevaa kile kilichokosea zaidi angesomewa takriban 7,730. Vifaa vile vimekwisha kupitwa na wakati, lakini sababu ya tofauti iko palepale: kiuno hutikisika kwa kila hatua, na mkono waweza kutulia. Hata lengo la hatua 10,000 kwa siku lilianza kuvuma nchini Japani mwaka 1965 kupitia manpo-kei, kifaa kilichovaliwa kiunoni.

Kasi nayo ina uzito wake. Mtu akitembea polepole, tuseme chini ya kilomita 3 kwa saa, mguu hutua kwa utulivu na mkono huyumba kidogo sana. Watengenezaji huweka kizingiti katika programu zao ili anayepiga mswaki au kupepeta mchele asiandikiwe hatua, na hatua dhaifu za mtu mzima anayejikongoja hubaki chini ya kizingiti hicho. Vifaa vingi pia husubiri hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuanza kuandika, kwa hiyo anayesimama na kuanza tena mara kwa mara hupoteza hatua kila anapoanza.

Kwa sababu hizo, nafasi ya kwanza naipa bendi, yaani kifaa chembamba cha mkononi, inayoweza kutolewa kwenye mkanda wake na kubanwa kiunoni. Fitbit Inspire 3 ni mfano mzuri: kibanio chake huuzwa kando, na mvaaji hubadilisha mpangilio ili kifaa kijue kwamba hakiko tena mkononi. Kikiwa kiunoni hakipimi mapigo ya moyo, na anayeyahitaji mapigo hayo kwa sababu za kiafya alipime jambo hili kwa makini. Kwa anayeshika vyuma, hata hivyo, naona ni bora kukosa mapigo kwa nusu saa kuliko kupata hesabu ya hatua isiyoaminika. Xiaomi Smart Band 8 na 9 nazo zina kibanio cha kiatuni, kilichokusudiwa hasa wakimbiaji. Kabla ya kulipa, hakikisha kibanio chenyewe kinapatikana dukani, kwa kuwa bila hicho umenunua bendi ya kawaida ya mkononi.

Nafasi ya pili ni ya kihisi cha kiatuni kinachounganishwa na saa, kama vile Stryd, kinachofungwa kwenye kamba za viatu. Hiki hupima mwendo wa mguu wenyewe, hivyo idadi ya hatua kwa dakika na umbali hubaki vizuri hata mikono ikiwa imetulia. Tatizo ni gharama, kwani unanunua vifaa viwili. Namshauri mkimbiaji anayejiandaa na mashindano, simshauri anayetembea kwa ajili ya afya.

Simu uliyo nayo tayari inashika nafasi ya tatu, ilimradi iwe mfukoni mwa suruali na si juu ya kibao cha mashine, ambako haiandiki kitu. Anayekusanya fedha za kununua kifaa bora aanze na simu.

Saa na bendi zinazobaki mkononi tu ziko nafasi ya nne, na hapa nasema wazi kwamba fedha nyingi hazinunui hatua nyingi. Anayetembea kwa kasi ya kilomita 5 kwa saa au zaidi, mikono ikiyumba bila kizuizi, atahudumiwa vyema na bendi ya bei nafuu ya Xiaomi au Huawei. Apple Watch inaweza kuunganishwa moja kwa moja na baadhi ya tredimili kupitia GymKit, mfumo uliotangazwa mwaka 2017, na saa za Garmin humruhusu mkimbiaji kusahihisha umbali kwa kufuata kioo cha mashine anapomaliza zoezi. Yote hayo yana faida, lakini yanahusu umbali, kasi na mwinuko. Hayarejeshi hatua ambazo mkono uliotulia haukuzitoa.

Nafasi ya mwisho ni ya bendi zisizo na chapa inayojulikana, zinazorundikwa kwenye meza za Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Zipo zinazofanya kazi, ila usinunue bila kujaribu. Muombe muuzaji akuwashie, ukae kwenye kiti, kisha utikise mkono kidogo kidogo bila mpangilio. Hesabu ikipanda mbio, mrudishie bendi yake.

Kifaa chochote utakachokichagua, kipime juu ya mashine utakayoitumia. Weka kasi yako ya kawaida, tembea kwa muda mfupi hadi mwendo utulie, kisha simama na uandike namba iliyo kwenye kioo. Anza tena, uhesabu mguu wa kulia tu ukitua mara 100, ambazo ni hatua 200, kisha ushuke na usubiri kama nusu dakika, kwa sababu baadhi ya vioo huchelewa kuonyesha hatua za mwisho. Rudia ukiwa umeshika vyuma. Kikikupa ongezeko la 190 mikono ikiyumba na 120 ukiwa umeshika, basi kifaa hicho ni cha mwenye kuyumbisha mikono. Kama huwezi kuachia vyuma kwa usalama, usiviachie kwa ajili ya kuridhisha saa. Kirudishe dukani na uchukue chenye kibanio cha kiunoni.