Tovuti ya mtaa wetu na tangazo la msiba lililokwama

Mama mkwe wangu alifariki alfajiri, msimu wa korosho uliopita, tukamzika baada ya swala ya adhuhuri. Tangazo la msiba wake likaonekana kwenye tovuti ya mtaa kesho yake jioni. Ndiyo maana naandika, na hasira bado ninayo.

Nililiandika mwenyewe huku machozi yakinitoka: jina la marehemu, nyumba, saa ya kuzika. Nikatuma. Ikaja: “Tangazo lako linasubiri kuidhinishwa.” Nikajua ni dakika chache tu, nikaingia kwenye shughuli, maji ya kuoshea, sanda, chai ya wachimba kaburi. Saa tatu nikachungulia, linasubiri. Saa tano, linasubiri. Na juu kabisa pale, picha tatu za friji la mtu linauzwa.

Zamani tungemtuma kijana apite nyumba kwa nyumba, na mjumbe angearifiwa kabla jua halijapanda. Siku ile msikiti ulitangaza, ndiyo, lakini kijana hatukumtuma. Kila mmoja alisema “si ipo kwenye tovuti?” Sasa sisi wa Mtwara tunajua, msimu ule wengi hawako mjini. Wako Nanyamba, wako Tandahimba, wanaokota na kuanika. Kipaza sauti cha msikiti hakiwafikii huko, simu inawafikia. Tulipochangishana shilingi 2,000 kila nyumba, tuliambiwa tovuti ni kwa ajili ya watu hao hasa.

Yuko bibi mmoja aliyechezwa unyago pamoja na mama mkwe. Yeye hasomi, mjukuu wake humsomea ya mtaa kila jioni huko shamba. Alifika siku ya tatu. Akakaa mlangoni pa chumba cha marehemu, akaniuliza, “Mwanangu, nimekukosea nini hata usiniite nimzike mwenzangu?” Sikuwa na jibu. Nilimshika miguu nikalia.

Matanga yalipokwisha nikamfuata kijana anayesimamia tovuti. Akasema “shikamoo mama” bila kuinua uso kwenye simu. Nikamweleza yote. Akanijibu, “Utaratibu ni kuidhinisha jioni. Siku ile nilikuwa safarini. Halafu kila mtu anaona lake ndiyo la haraka.” Lake ndiyo la haraka! Msiba unawekwa kundi moja na friji! Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu.

Kwa hiyo nilianza kuandika hapa kwamba tovuti ifungwe na fedha zetu zirudi. Nimeandika, nimefuta. Maana nakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotangazwa. Huyu anasema twende shuleni, yule anasema tujifungie ndani, mwingine anasema bahari imeshapanda Shangani. Nilitembea na mtoto mgongoni sijui naelekea wapi. Kimbunga kikaenda kutua Msumbiji, tukarudi nyumbani tumechoka kwa maneno tu. Siku zile ningepewa sehemu moja ya kusoma neno moja, ningelipa zaidi ya hiyo 2,000.

Na siwezi kudanganya, mvua za juzi juzi mtaro ulipofurika, mtu aliandika kwamba mzee fulani yuko peke yake na maji yameingia ndani. Hilo halikusubiri jioni, sijui kwa nini. Vijana walifika kwake mara moja. Hata mimi na jirani yangu wa nyuma, tuliokuwa hatusemezani karibu mwaka kwa sababu ya maji ya bafuni kwake, tulianza kuelewana humo humo, akaandika kwanza yeye.

Lakini tena naikumbuka Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima siku kadhaa. Ilikuwa funzo tosha kwamba kijana wa kutumwa na mjumbe wasiachwe. Hatukujifunza, nami nikiwemo.

Ninachotaka ni hiki: msiba, mgonjwa, moto na mtoto aliyepotea vipite bila kusubiri idhini ya mtu, na kila mjumbe apewe uwezo wa kutangaza kwa watu wake. Friji lisubiri. Na kijana yule, au yeyote atakayekuja baada yake, amwinulie uso anayekuja na msiba, ampe pole kwanza.

Nilitaka kutoa nyota moja. Nikaweka tatu kwa ajili ya yule mzee wa mafuriko. Nimerudi nimeweka mbili, na nikikutana na kijana yule njiani huenda nikarudi kwenye moja.

Bibi yuko shamba bado. Mjukuu wake anasema sasa kila jioni, kabla hajafungua ukurasa, anaulizwa, “Nani amefariki, na wameshazika?”